Baba amegeuka kocha, na mtoto anaumwa tumbo kila siku ya mashindano

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Tabata, Dar es Salaam. Nakuandikia kuhusu binti yangu mkubwa, ana miaka 9, yuko darasa la nne. Shuleni kwao wana kipindi cha kuogelea, na mwalimu wake alituita akasema huyu mtoto anayapenda maji na maji yanampenda, tumtafutie klabu. Tukampeleka klabu moja inayofanyia mazoezi kwenye bwawa la shule ya kimataifa, upande wa Masaki. Jioni nne kwa wiki, na Jumamosi asubuhi.

Mwanzoni mume wangu hakutaka hata kusikia. Alisema ule ni mchezo wa Wazungu na Wahindi, sisi tutalipa ada tuishie kupiga makofi. Nikawa namsindikiza mtoto mwenyewe kwa bajaji. Sasa siku moja baba akapita kutuchukua, akakuta wanashindanishwa, na binti yetu akamwacha mvulana mkubwa kuliko yeye. Shangazi, tangu siku hiyo nyumba haina amani. Baba amebadilisha ratiba zake ili amfuate yeye mwenyewe kwa gari. Anapima muda wa mtoto kwa simu, anaulinganisha na wa watoto wa Marekani anaowaona kwenye video, halafu njia nzima ya kurudi ni mahojiano: mbona umegeuka polepole, mbona umeinua kichwa. Amemuahidi baiskeli akileta dhahabu.

Mashindano yake ya kwanza aliogelea mita 50 za mtindo wa chura. Nilimwona kwa macho yangu akiwa wa pili kugusa ukuta. Matokeo yakasomwa, jina lake halimo, tukaambiwa amefutiwa. Baba yake akaenda kumfokea mwamuzi mbele za watu, mtoto akajifunika taulo gubigubi. Toka hapo, ikifika asubuhi ya mashindano tumbo linamuuma, na mwezi uliopita alitapika kabla hatujatoka mlangoni. Lakini mazoezini anakwenda anacheka.

Huku mama mkwe ananiambia nywele za mjukuu wake zinakatika kwa dawa ya bwawa, na ile nguo si stara kwa mtoto wa kike. Kila mwezi klabu inakuja na kitu kipya cha kununua. Tunafika nyumbani saa 2 usiku, na saa 11 alfajiri anatakiwa awe ameamka kuwahi basi la shule. Na mimi mwenyewe sijui kuogelea, nakaa pembeni moyo unanidunda.

Nimtoe au nimwache? Na baba yake nimwambieje asije akasema napinga maendeleo ya mtoto?

Mama wa Muogeleaji, Tabata

*

Marahaba, mwanangu.

Usimtoe. Mtoto anayekwenda mazoezini anacheka na kutapika asubuhi ya mashindano hana ugomvi na maji. Kama tumbo lingekuwa linamuuma na siku za kawaida ningekwambia mpeleke hospitali kwanza, na ukiona limeanza kuuma siku zisizo na mashindano, fanya hivyo bila kusubiri. Lakini kwa ulivyoeleza, kinachomuumiza kinakaa kwenye usukani wakati wa kurudi nyumbani.

Nasema hivyo bila kumchukia mumeo. Mwanaume aliyekuwa anapinga ada leo anapangua ratiba za kazi kumfuata mtoto bwawani, huyo amependa. Amependa vibaya tu, kama shabiki mpya wa mpira anayeona kila mechi ni fainali. Usimwambie “unamuumiza mtoto,” maana atajitetea, mtabishana mpaka asubuhi. Anza na hesabu zake, kwa sababu hesabu zenyewe zina kasoro.

Watoto wa Marekani anaowatazama, wengi wao hushindana kwenye mabwawa ya yadi 25. Yadi 25 ni mita 22.86. Kwa hiyo binti yenu akiogelea urefu mmoja wa bwawa la mita 25, amekwenda zaidi ya mita mbili mbele ya mtoto wa kwenye video kabla hawajalinganishwa. Halafu kuna bwawa la mita 50, lile la Olimpiki. Humo muda huwa mbaya kuliko kwenye la mita 25, kwa sababu kila unapogeuka ukutani unajisukuma na kupata mwendo wa bure, na kwenye bwawa refu kuta ni chache. Muogeleaji yuleyule, wiki ileile, atatoa muda tofauti kwenye mabwawa hayo matatu. Bila kujua bwawa, ule muda wa kwenye simu haumwambii baba chochote. Na miaka 9 nayo: kuna mtoto wa miaka 10 aliyeanza kubalehe anayempita mwenzake kichwa na mabega, anashinda kila kitu, na baada ya miaka minne waliokuwa nyuma yake wamerefuka wamemfikia. Makocha wa watoto wanaliona hilo kila mwaka.

Baiskeli mnunulieni siku yake ya kuzaliwa, au akifunga shule, lakini ikatwe kabisa uhusiano na dhahabu. Mtoto akisimama juu ya jukwaa la kuanzia awe anawaza maji tu. Na kwenye gari baba aulize njaa. “Umekula? Tupitie mihogo?” Akitaka kuzungumzia mbio ataanza mwenyewe, na akianza asikilizwe. Masuala ya kichwa na mkono na kugeuka yana mwenyewe, ambaye mnamlipa. Mtoto akiambiwa na kocha atazame chini, na baba akamwambia atazame mbele, ndani ya maji atajikuta katikati ya wakubwa wawili, na mwendo utapungua hapo hapo.

Kisha mpe baba kazi. Hii ndiyo dawa ninayoiamini kuliko hotuba yoyote. Mashindano ya watoto hayaendi bila wazazi wa kujitolea, na kazi ambayo haipati watu wa kutosha ni ya watunza muda. Zungumza na kiongozi wa klabu amwombe yeye mwenyewe, baba kwa baba. Atapewa stopuwachi na maelekezo mafupi: macho kwenye taa ya mwamuzi wa kuanzisha, maana mwanga hufika kabla ya sauti, kidole kinabonya taa ikiwaka, muogeleaji akikaribia unasogea mpaka ukingoni, unainama juu ya maji, unabonya tena anapogusa ukuta. Viatu vitalowa. Kukiwa na stopuwachi tatu kwenye njia ya muogeleaji mmoja na zote zimetofautiana, unachukuliwa muda wa ile ya katikati. Na mtunza muda haruhusiwi kushangilia, wala kumpigia mtu kelele za maelekezo. Mumeo anapenda kupima muda, apime, ila awapimie watoto wa wenzake kuanzia asubuhi mpaka jua la utosi. Atawaona wangapi wanavyogusa vibaya, wanavyopoteza miwani ndani ya maji, wanavyoogelea mita 25 na kusimama kulia, na wazazi wao wanavyowapokea.

Hapo ndipo ataelewa pia kilichomtokea binti yenu. Sikuwepo, lakini kwenye mtindo wa chura kosa linalowafuta watoto wengi ni moja: mikono. Kwenye chura na kipepeo, kila unapogeuka na unapomaliza, lazima mikono yote miwili iguse ukuta kwa pamoja. Mtoto akiona ukuta umekaribia ananyoosha mkono mmoja kama aliyezoea mtindo huru, mwamuzi aliyesimama juu ya njia ananyanyua mkono wake, basi. Kosa jingine ni mguu mmoja kupiga kivyake badala ya kukunja na kusukuma yote miwili pamoja. Awe wa pili, awe wa mwisho, matokeo yanafutwa. Mtoto wa mwaka wa kwanza kufutiwa ni jambo la kawaida kabisa, na kocha mzuri humweleza kosa siku ileile kwa maneno mawili, kisha wiki inayofuata wanarudia kugusa ukuta mpaka mikono izoee. Mwulize kocha ilikuwa ni kosa gani. Kama hajui wala hakujishughulisha kuuliza, hilo ndilo la kumlaumu.

Na kumfuata mwamuzi, mzazi hana ruhusa. Kwa kanuni za kimataifa, malalamiko hupelekwa na kiongozi wa timu, kwa maandishi, ndani ya dakika 30 baada ya mbio hizo kumalizika. Mzazi akiona kasoro anamwambia kocha. Kuhusu lile taulo, ningependa baba amwombe binti yake radhi. Awe peke yake naye, kwa sentensi moja, bila kuongeza “lakini.”

Ule usemi wake kwamba ni mchezo wa Wazungu na Wahindi nao tusiupite, kwa sababu siku binti akishindwa utarudi mezani. Magdalena Moshi aliiogelea Tanzania kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Paris mwaka 2024 tulikuwa na Sophia Latiff na Collins Saliboko. Na mwambie habari za Anthony Nesty wa Suriname, nchi ndogo iliyokuwa na bwawa moja tu la mita 50. Mwaka 1988 kule Seoul alichukua dhahabu ya mita 100 za kipepeo kwa sekunde 53.00, akimwacha Matt Biondi wa Marekani kwa sehemu moja ya mia ya sekunde. Leo ni kocha, na Paris 2024 ndiye aliyekuwa kocha mkuu wa wanaume wa Marekani. Hata hivyo mumeo alikuwa na hoja upande mmoja: mabwawa yetu mengi ya maana yako kwenye shule za ada kubwa na hoteli, na mtu wa Tabata analipa nauli na foleni juu ya ada. Ukweli huo usimfiche mtoto, wala usimwimbie kila siku.

Twende kwenye usingizi, maana huu unanisumbua kuliko hata dhahabu. Mtoto wa miaka 6 mpaka 12 anahitaji kulala kwa muda wa saa 9 hadi 12 kila usiku. Mnafika saa 2, anakula, anaoga, anamalizia kazi za shule, hata akilala saa 3 kamili, mpaka saa 11 ni muda wa saa 8 tu. Hajawahi kutosheka usingizi siku za shule tangu mjiunge! Punguza. Jioni mbili na Jumamosi zinamtosha kwa mwaka huu, na jioni zenyewe ziwe zile ambazo kesho yake hakuna mtihani. Kocha akikwambia kwa siku tatu hawezi kumpokea mtoto wa miaka 9, mshukuru, tafuta klabu nyingine. Siku za mazoezi hakikisha anakula kitu kidogo mapema, ndizi mbivu au kipande cha chapati, na chakula kingine mkibebe kwenye chombo cha kutunza joto ale njiani, badala ya kusubiri jiko la saa 2 usiku.

Pesa. Kabla ya kulipa muhula ujao, waombe klabu wakuandikie kila kitu mahali pamoja: ada ya mazoezi, usajili wa mwaka, kiingilio cha kila mbio kwenye mashindano, sare, safari. Klabu iliyojipanga ina karatasi hiyo tayari. Kwa vifaa, anachohitaji mtoto wa umri huu ni nguo moja inayombana vizuri, kofia, miwani na taulo. Mapezi na ubao aazime vya klabu kwanza, mguu bado unakua. Nguo za mashindano zile za bei mbaya zinazobana mpaka kuvaa ni kazi ya watu wawili, hapana, hapana kabisa kwa miaka 9. Miwani ndiyo ya kuchagua kwa makini: mtoto aibandike machoni bila mkanda, aibonyeze kidogo, aiachie. Ikining'inia kwa sekunde kadhaa bila kudondoka, inamfaa. Ikidondoka, hata iwe ya gharama gani, itamwingizia maji anaporuka.

Mama mkwe ana haki yake kwenye nywele. Klorini inakausha, na nywele zetu kwa asili ni kavu. Kabla ya kuingia bwawani lowesha nywele zote kwa maji ya bomba, paka mafuta ya nazi kidogo, ndipo avae kofia. Nywele iliyokwisha kunywa maji safi inanywa ya bwawani kidogo. Akitoka tu, zisuuzwe; shampuu ya kulainisha wikendi. Misuko ya twende kilioni iliyolala kichwani inakaa vizuri chini ya kofia kuliko rasta nene, na kama anasuka rasta, kuna kofia kubwa zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kofia za aina hiyo za kampuni ya Soul Cap zilikataliwa kabla ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, watu wakapiga kelele duniani kote, na mwaka 2022 zikakubaliwa. Mpe bibi kazi ya kumsuka mjukuu kila baada ya wiki mbili, utaona malalamiko yatakavyopungua.

Kwa stara, tangu mwaka 2010 kanuni za kimataifa zinaruhusu nguo ya kike ya mashindano ifike mpaka magotini. Mazoezini avae na ndefu zaidi, yenye mikono, mradi ni kitambaa cha kuogelea kinachobana. Pamba inakunywa maji na kumvuta chini. Mkitaka ndefu kuliko magoti siku ya mashindano, kocha aombe kwa waandaaji mapema, msifike nayo asubuhi mkaanza kubishana. Akitoka majini ajifunge khanga mara moja. Watoto wote wanafanya hivyo, ni baridi.

Kuna jambo hukuliuliza, na mimi ningeliuliza kabla ya yote. Nani anakuwa na watoto kwenye chumba cha kubadilishia nguo? Mtu mzima asiwe peke yake na mtoto mmoja mlango umefungwa, na simu zisitumike humo ndani. Kocha akiwa na ujumbe, autume kwenye simu ya mzazi. Wakati wa mazoezi pawepo mwokozi ambaye kazi yake ni kutazama maji tu, kocha anayefundisha njia tatu hawezi kuwa mwokozi pia. Na michezo ya kushindana kubana pumzi chini ya maji ikatazwe. Mtoto anaweza kuzimia kimya kimya bila kurusha hata mkono, na wenzake wakadhani anashinda. Klabu ikikujibu maswali haya kwa kukereka, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuhama.

Kuogopa kwako nakuelewa. Maji yameshatunyang'anya watu wengi, na kizazi changu hakijasahau meli ya MV Bukoba iliyozama mwaka 1996. Ulizia darasa la watu wazima kwenye bwawa hilo hilo, klabu nyingi wanalo au wanajua liliko; wapo akina mama wa umri wako wanaoanza kwa kushika ukuta na kutoa mapovu. Wakati huo huo usidanganyike na kasi ya binti. Bwawani kuna ukuta kila baada ya mita 25 na maji yaliyotulia. Coco Beach au Kigamboni kuna mkondo na mawimbi, na hakuna cha kushika. Asiachwe baharini peke yake, na asikabidhiwe wadogo zake eti kwa sababu yeye ndiye anayejua.

Siku ya mashindano yenyewe ifanyeni ndogo. Mtoto ataogelea kwa dakika moja na kusubiri kwa saa nyingi, kwa hiyo mkeka, maji, kofia ya jua, karata, na chakula chepesi cha kula kidogo kidogo. Pilau lisubiri mpaka mbio zake zote ziishe. Makocha wengi huwaandikia watoto mkononi kwa kalamu ya wino namba ya mbio, kundi na njia. Mwonyeshe kusoma namba zake mwenyewe na kwenda kupanga mstari bila kushikwa mkono. Mtoto anayejua anakwenda wapi na saa ngapi, tumbo lake hutulia zaidi ya yule anayeburuzwa.

Mashindano ya karibuni mruhusu asiende kabisa, mazoezi yaendelee. Yanayofuata mwombe kocha amwandikishe kwenye mbio za kupokezana tu, ambako wako wanne na matokeo ni ya timu. Na hiyo stopuwachi ya baba, waandaaji waambie mapema wampange kwenye njia isiyo ya timu yenu.

Shangazi